Mama Yangu, Bibi Yetu

Mama Da-on alianza kukonda mwezi wa Novemba, na wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa anatafuta shule.

Hapa Hanoi, kwenye maghorofa yetu ya Wakorea, kila mwanamke aliyemfuata mume kazini huipata homa hiyo mtoto anapokaribia darasa la kwanza. Ampeleke shule ya Kikorea, asome sawa na wenzake wa nyumbani? Au shule ya Kiingereza, arudi anajua kubishana na wakubwa? Mimi wangu wameshakua, kwa hiyo naweza kucheka. Yeye hakuweza. Kila asubuhi alikuja kugonga kwangu, kabla hata sijaosha bakuli za supu.

"Dada, shule ya Kiingereza wanataka jibu Ijumaa."

"Wape."

"Niwape jibu gani?"

"Baba Da-on anasemaje?"

"Anasema niamue mimi. Anaondoka kwenda kiwandani mtoto amelala, anarudi mtoto amelala. Lakini nikikosea, hapo ndipo atapata la kusema."

Tena hata si mume aliyemtisha. Aliyemtisha ni mama mkwe, kule Gwangju, Korea. Da-on aliletwa huku hajaota meno, akalelewa chekechea ya Kiingereza, na Kikorea chake kilikuwa cha kuokoteza. Kila Jumapili bibi alimwita kwenye simu, mtoto akajibu maneno mawili, kisha akakimbia. "Mnanilelea mgeni," mama mkwe alisema siku moja, akakata simu. Neno hilo lilimkwama mwenzangu kama mwiba wa samaki. Siku moja tutarudishwa nyumbani sote. Je, mwanawe atafika kwao awe mgeni kweli?

Majirani nao hawakumhurumia. Tulipokusanyika kupaka kabichi pilipili, kimchi ya majira ya baridi, Mama Tae-rin alimwanza.

"Shule ya Kikorea? Haya, atajua hesabu za kutisha na Kiingereza cha kuombea maji."

"Afadhali huyo," mwingine akadakia. "Wangu wa shule ya Kiingereza juzi kanipiga begani, ananiambia, 'Tulia, mama.'"

Tukacheka mpaka pilipili ikatuingia machoni. Mama Da-on hakucheka. Alikuwa anapaka jani lile lile, analipaka tena.

Baada ya hapo akamfungia mtoto ndani. Kucheza uwanjani kukaisha. Alasiri nzima ni kusoma Kikorea kwa sauti, mama kamsimamia. Nilimgombeza.

"Utamkausha mtoto wa watu!"

"Niache, dada. Shule ya Kikorea wanawahoji watoto kwanza. Wakimkataa, nitamwambia nini mama mkwe?"

Siku ya mahojiano nilimsindikiza, maana nilimkuta amefunga vifungo vya koti kombo, wala hana habari. Alitupokea mwalimu wa makamo, mpole, mwenye miwani. Da-on akainama vizuri kama alivyofundishwa, na mama yake akashusha pumzi.

"Nyumbani unaishi na nani?" mwalimu akamuuliza.

"Na mama yangu."

Nikamwona mwenzangu anafumba macho. Kwetu mtu hasemi "mama yangu", hata kama amezaliwa peke yake. Ni mama yetu, nyumba yetu, nchi yetu. Mke husema hata "mume wetu", na wageni wakisikia hutuangalia kwa mashaka. Mtoto anayesema "mama yangu" anajulikana papo hapo kwamba amekulia kwa watu.

"Na baba yangu," Da-on akaendelea. "Na bibi yetu."

Mama Da-on akafumbua macho. Yetu! Angalau bibi wa Gwangju alikuwa wetu.

"Vizuri. Bibi yenu anawapikia nini?"

"Supu ya tambi na kuku. Na ananiimbia Kivietinamu."

Huyo alikuwa Bi Thom, anayewasaidia kazi za nyumbani. Uso wa mwenzangu ukawaka, na mimi nikajifanya naangalia dirishani.

Mwalimu alikuwa muungwana. Akasema Kikorea cha mtoto ni kichanga, lakini nafasi ipo, watamfundisha. Mama afikiri, ajibu kesho. Tulipofika koridoni Mama Da-on akachuchumaa mbele ya mwanawe, sauti inapasuka.

"Nimekufundisha mara ngapi? Mama yetu! Mbona Bi Thom ukaweza?"

Da-on akamtazama kana kwamba swali lenyewe ni la kitoto.

"Bi Thom ana wajukuu wengine. Huwa ananionyesha picha zao. Kwa hiyo ni bibi yetu, mimi na wao." Akafikiri kidogo. "Lakini mama yetu, mimi na nani?"

Kengele ikalia, watoto wakamwagika uwanjani, wanasukumana, wanaitana kwa kelele, wengine kwa Kikorea, wengine kwa Kivietinamu. Da-on akasogea kwenye kioo cha dirisha. Hakuomba kitu, aliwatazama tu, kipaji cha uso kimegusa kioo.

Mama yake akainuka, akarudi kwenye mlango wa mwalimu, akasahau hata kubisha hodi.

"Mwalimu, samahani," akasema, machozi yanamtoka. "Kesho ni mbali. Anaweza kutoka kucheza nao sasa hivi?"