Wifi na Zile Giga Nane

Wifi yangu hana haraka. Lifti ikija, yeye kwanza anamaliza sentensi yake. Ni dada wa mume wangu, ana miaka hamsini na miwili. Alikuwa fundi cherehani mpaka alipofika arobaini na tano, ndipo akajifunza kuandika programu, na watoto wanne bado wanamtazama yeye. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi ofisini kwetu. Bosi akampa miezi mitatu ya majaribio, na baada ya wiki mbili tu akaniita pembeni: "Wifi yako mzito." Nikamtetea, lakini moyoni nilishaanza kumwonea haya.

Miezi mitatu ilikuwa inaisha Ijumaa. Asubuhi ya Ijumaa hiyohiyo, programu yetu ya kupanga foleni ya wagonjwa ikagoma. Kompaila, yaani ile inayogeuza maandishi yetu kuwa programu ya kutumika, ilianza vizuri, ikafika katikati, ikaanguka: kumbukumbu imeisha. Na mteja anakuja saa kumi jioni.

Jambo dogo, nikajisemea. Kwenye skripti ya kujengea, yaani orodha ya amri za kuijenga programu, kuna mstari wa kuipangia kompaila kumbukumbu. Nikaandika giga moja. Ikaanguka. Giga mbili, ikaanguka palepale. Kufikia saa sita nilikuwa kwenye giga nane, kichwa kinawaka moto, na Bosi kasimama nyuma ya kiti changu anapumua tu.

Wifi alikuwa na daftari lake, penseli sikioni. "Kila mara inaangukia faili lilelile," akasema. "Umeongeza weee, haijasogea hata hatua moja."

"Ndiyo naongeza tena!" nikang'aka. Mdomo wangu hauna breki.

"Na kompyuta yenyewe ya zamani. Java yake, hiyo inayoiendesha kompaila, haiwezi kushika hata giga mbili. Umeiambia nane, na haijabisha?"

"Si afadhali imekubali?"

"Wifi, mimi nimelea wanne. Mtoto anayeitikia kila kitu hapohapo, hajasikia hata neno moja."

Akavuta kibodi, kwa taratibu yake ileile ya kuniua. Akasoma skripti mstari kwa mstari, kisha akanionyesha: kompaila ilikuwa inaendeshwa ndani ya skripti, inatumia kumbukumbu ndogo ya skripti yenyewe. Namba yangu husomwa pale tu kompaila inapoendeshwa kivyake. Loo! Asubuhi nzima nampakulia mtu ambaye hayuko mezani! Wifi akaongeza neno moja la kuitenga kompaila, akaziacha giga nane zangu vilevile, akabonyeza.

Skrini ikajaa maandishi mekundu papo hapo. Haikuanza hata kidogo.

"Sasa umeiharibu kabisa!" Bosi akasema.

Wifi akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Imesikia hiyo. Si unaona inabisha?" Akafuta nane, akaandika moja. Tukangoja dakika kumi na moja. Ikafika pale ilipokuwa inaangukia, ikapita, ikaenda hadi mwisho. Jamani! Nilimkumbatia mpaka penseli ikaanguka. Mtu wa namna hii ndiye niliyekuwa namwonea haya, mimi niliyezivuruga saa nne nzima kwa papara zangu.

Bosi alishaanza kuelekea mlangoni. Wifi akamwita. "Na ile miezi yangu mitatu?"

"Ndiyo, ndiyo, utabaki, hamna shida," akajibu, macho yakiwa kwenye simu.

Wifi hakusema asante. Alimtazama tu, anasubiri, kama anavyosubiri siku zote. Bosi akainua macho, akakuta bado anatazamwa. Akarudi, akavuta kiti, akaweka simu mezani.

"Barua ya kukuachisha kazi nilishaiandika jana," akasema polepole. "Ninayo mezani kwangu. Nilikukosea, mama."

"Haya, sasa umenisikia," wifi akasema, akainama kuokota penseli yake.