Jina la Juu ya Kila Ukurasa

Wajukuu, mie niliposa bibi yenu bila kujua kama ninaposa.

Yeye mwenyewe hakuwako. Mujomba wangu, wa kuniposea, hakuwako. Mkononi nimeshika karatasi yenye wino mubichi.

Ni Kalemie hii hii, mambo ya Zaire ile.

Masomo yangu kidogo, lakini vidole vilikuwa vyepesi. Nilikuwa ninapanga herufi za risasi kwa imprimerie, nyumba ya kuchapa vitabu, ya Papa Gérard, moja moja, mpaka mustari unatoka.

Siku moja akaingia présidente wa wamama wa kanisa. Mama mukali. Wachumba wawili wa binti yake Bertille, njo huyu bibi yenu, alishawafukuza. Mumoja alikimbia bila viatu.

Na mie na Bertille tulishapatana kwa siri. Tulikuwa tunangoja mujomba wangu atoke Manono, akaseme na ule mama polepole.

Ule mama akaleta kitabu chake cha nyimbo, tukichape.

"Kila sura ianze kwa ukurasa wake. Jina la sura katikati, herufi kubwa, na maua chini."

"Sawa, Mama."

"Na juu ya kila ukurasa, jina langu."

"Kushoto ao kuume?"

"Pote. Watu wanasahau mbio mbio."

Nikapanga. Vidole havina neno. Mustari wa juu ukishaupanga mara moja, unauhamisha tu, ukurasa kwa ukurasa.

Matata yakaja siku ya kusahihisha. Sheria ya Papa Gérard: mupangaji anasoma kwa sauti, mwenye kitabu anafuata na kidole. Hakuna kuruka, hata mustari wa juu.

Sasa, kwetu jina la mama wa muke wako haulitaji. Hata nyumba ikiungua, unaita tu "Mama". Na kwa roho yangu, huyu alishakuwa mukwe zamani.

Nikafungua kinywa. Ulimi ukakataa.

"Mwenye kitabu," nikasema mahali pa jina. "Sura ya kwanza, Nyimbo za Noeli."

"Mustari wa juu unasema nini?"

"Unasema mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Papa Gérard akakohoa. "Gaspard, uko mugonjwa? Soma jina."

Ukurasa wa pili: "Ule ule." Wa tatu: "Angali pale." Jasho, utasema nimetoka ziwani.

Mama akainua kidole. Akaniangalia. Akaangalia jina lake. Akaniangalia tena.

"Weye Gaspard. Jina langu linajulikana mpaka Moba. Weye peke yako njo hauwezi kulitaja."

Nikaanza kupangusa wino kwa vidole.

"Tangu lini, weye na binti yangu?"

"Tangu Pasaka, Mama."

Papa Gérard akanifungulia mulango, nikimbie.

Lakini ule mama akacheka, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka kwa wino.

"Wale wawili walikuwa wananiita jina kama rafiki yao wa kunywa naye. Huyu hajatoa hata mbuzi, na ameshaniheshimu."

Akachukua kalamu, akakata jina juu ya kurasa zote.

"Hapa weka jina la sura. Langu libaki kwa jalada. Mukwe wangu asome kitabu muzima."

Nikasoma nyimbo zote kwa sauti. Hata zile za mazishi nilizisoma ninacheka.

Fundisho, wajukuu: ukienda kuposa, usichoke bure kupanga maneno matamu. Wazazi wanasikiliza zaidi lile neno ulimi wako unakataa kusema.