Mama ametoa shukrani kwa kazi isiyokuwepo

Jamani, leo kanisani nimetamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama alisimama mbele na kapu la plamu, akatoa shukrani kwamba mimi mwanawe nimepata kazi Muheza, kampuni ya viungo.

Vigelegele!

Kazi yenyewe niliipata WhatsApp. Hakuna usaili. Meneja aliandika tu, "Hongera, umechaguliwa wewe peke yako. Tuma hela ya sare, usimwambie mtu."

Nikatuma. Mama aliuza mbuzi.

Baada ya ibada, plamu zikiwa zinanadiwa nje, Neema wa kwaya akanivuta pembeni. "Shoga, na mimi nimepata kazi Muheza!"

Akanionyesha simu. Meneja yule yule. "Umechaguliwa wewe peke yako."

Nikamuuliza haraka:

"Umeshatuma hela?"

"Natuma jioni."

"Usitume, Neema! Mwajiri wa kweli hakuombi hela!"

Nikampigia meneja. Kaniblock.

Sasa nimejificha nyuma ya kanisa, naandika huku nalia. Mngekuwa ninyi, mngemwambiaje mama?

Maana kuna plamu amekataza zisinadiwe. Kachagua zilizoiva vizuri.

Anasema nikampelekee meneja.