Sura Moja kwa Jeshi Zima

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya katuni, hapa Dilala, mtaa wa Kolwezi, mkuu wa karakana alinipa kazi ya kutia wino, yaani kupitisha kalamu juu ya mistari ya penseli ili picha iweze kuchapwa. Nilikuwa msichana, nimetoka chuoni, nikiamini kwamba mchoro unaweza kumfunza mtoto haki. Kazi ya katuni niliiacha nikingali kijana; ninawaandikia wanaoianza leo.

Baadaye nilipandishwa kuwa mchoraji wa wahusika. Kitabu chetu kilihusu Vita vya Msalaba, kwa ajili ya shule za Kolwezi na Lubudi. Nilihitaji uso wa sultani anayewapa maji wafungwa Wakristo, nikamwomba Tata, yaani Baba, Ramazani, jirani Mwislamu aliyesafirisha vitabu vyetu kwa lori lake, akubali nimchore. Aliketi kwenye ngazi ya lori, amevaa kofia safi.

"Pua usipunguze, mwana yangu. Ile njo mali ya baba yangu."

Niliporudi kutoka likizo, mkuu alikuwa ameuondoa ukurasa wa maji. Uso wa Tata Ramazani ulikuwa kwenye meza ya mwanga, kioo chenye taa chini yake cha kunakilia michoro, na kila askari Mwislamu alikuwa amepewa uso huo.

"Shefu, juu ya nini?" nilimwuliza mkuu sababu.

"Bakristu, kila mutu na sura yake. Bale bengine, moja inatosha. Batu banatafuta vita, mama, hapana sura."

Nami, niliyejaa maneno ya haki, nilizitia wino kurasa zote. Nilijiambia kwamba nitabisha katika kitabu kinachofuata.

Siku ya kupakia vitabu vilivyochapwa, Tata Ramazani alifungua furushi moja ili ajitafute. Akajikuta kila ukurasa.

"Uyu anachoma kanisa, njo mi? Na uyu? Na uyu?"

"Tata, ni katuni tu," mkuu alicheka.

"Kila Noeli minabeba korali yenu ya kanisa mu kamiyo yangu, bure. Batoto yote ya Lubudi bananijua. Sasa batanikimbia!" alisema, akigonga mlango wa lori lake.

Aliyashusha mafurushi yote, akaondoka na lori tupu. Mkuu alikodi lori jingine kabla ya adhuhuri. Niliacha kazi siku hiyo, lakini vitabu vilifika.

Katika vita vile, pande zote mbili ziliua na pande zote mbili zilihurumia. Sisi tuliwaachia Wakristo peke yao huruma. Ninamkasirikia mkuu, na zaidi ninaukasirikia mkono wangu.

Tata Ramazani bado hunisalimu kwa upole. Ila nikitoa penseli, hata ya kuandika namba ya simu, hugeuza uso.