Msuka Niliousugua

Kutu nilikuwa siiwezi. Marehemu mke wangu alikuwa akisema ningekubali kuoa mwanamke asiye na jino hata moja, lakini si mwenye sufuria yenye kutu, na hakukosea sana. Karaha hiyo niliirithi kwa baba yangu. Yeye alikuwa fundi wa majambia na vitara, zile panga zilizopinda, vya Waarabu wenzetu wa Tabora, vile vilivyofika na misafara enzi za babu zetu, na katika duka lake nyuma ya soko chuma chenye kutu kilikuwa hakilali. Kikiingia kimechakaa, kitatoka kinang'aa. Alipokufa nikakalia kigoda chake, nikachukua tupa zake na hasira zake zote.

Lakini ugonjwa wangu mwenyewe, ambao baba hakuwa nao, ulikuwa panga za Kijapani.

Ulinianza baada ya vita, askari wetu walipokuwa wanarudi kutoka Bama, walikopigana na Wajapani. Walishuka kwenye treni na makoti mazito na mablanketi, na ndani ya blanketi la huyu na la yule mlikuwa na vitu ambavyo Mzungu hakuonyeshwa. Mmoja aliniletea kisu nimnolee. Nikatazama mpini: umezungushiwa uzi wa hariri unaopishana kama ukili wa mkeka, na chini ya uzi kuna ngozi ya taa, yule samaki, yenye chembechembe nyeupe. Nikamwambia, "Bwana wewe, hiki si kisu. Huu ni upanga uliovunjwa." Akacheka. Akasema ndiyo, aliuvunja mwenyewe kwa mawe, maana ulikuwa mrefu mno kwa kuchunia mbuzi. Wallahi, nusura nimtie kofi.

Tangu siku ile nikawa nazisaka. Nzega nilikuta kile chuma cha duara kinachokinga mkono wa mwenye upanga, kimechorwa korongo wawili wanaruka, na mama mmoja amekifanya kifuniko cha mtungi. Nikampa sufuria mpya, naye akaniona mwendawazimu. Mtaani walinitania, "Sheikh, leo umepata kutu gani?" Niliwajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Hakuna aliyenifundisha kuzifungua panga zile. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu. Upanga mzima, pamoja na vikorokoro vyake vyote, umeshikwa na kijiti kimoja cha mwanzi kilichopita katikati ya mpini. Ukikigonga kikatoka, kila kitu kinaachana mikononi mwako. Ndani unakuta msuka, kile chuma kinachoingia mpinini, na msuka huo siku zote ulikuwa mchafu, mwekundu na mweusi. Nilikuwa nikifyonya. Mafundi gani hawa, wanang'arisha upanga mpaka unajiona ndevu, halafu ndani wanaacha uozo?

Ndipo akaja yule kijana wa Bukene. Nasema kijana, lakini alikuwa mtu mzima wa miaka kama thelathini, Mkristo, mpole, askari aliyerudi na miguu yake yote miwili na maneno machache sana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Akafungua blanketi. Ala ilikuwa imevikwa ngozi ya kijeshi, mbaya tu, ya vita, lakini upanga wenyewe ulikuwa wa kale sana, mwembamba, na kando ya makali ulipita mstari mweupe unaotikisika kama ukingo wa wingu. Madoa ya kutu yalikuwa yameanza kuula. Nikamwambia papo hapo, niuzie.

"Hauuzwi, fundi. Una mwenyewe."

Akanieleza. Aliukuta kule Bama, wakati wa mvua, kando ya njia, chini ya ofisa wa Kijapani aliyekufa peke yake. Akamzika kwa mikono yake, kwa sababu hakuweza kumwacha vile, kisha akauchukua upanga. Mdogo wake naye alikuwa huko huko vitani, na hakurudi. Kilichorudi ni barua ya serikali, na haikusema alizikwa wapi. Basi alipofika nyumbani, mama yake akamkumbatia, akalia, akaona lile blanketi, akauliza mna nini. Alipojua, akasema kitu hicho hakiingii ndani mwake. Kwao Wanyamwezi, upinde wa marehemu hukabidhiwa mrithi wake mbele ya watu. Asiye mrithi akikaa nao, anakuwa amemnyang'anya maiti.

"Akaniambia, kuna mama kule anangoja kama mimi ninavyongoja. Mpelekee," alisema yule kijana. "Tangu hapo upanga ulikaa juu ya kihenge, nje. Mama ananipikia, lakini hanitazami."

Padre wa misheni yao alikuwa na mapadre wenzake huko Japani, na aliahidi kuwaandikia. Kijana alitaka tu upanga usafishwe, usirudi kwa wenyewe na aibu ya kutu. "Sawa," nikasema. "Ukitoka hapa, mama wa yule Mjapani atadhani umetoka kwa sonara jana."

Nilijisifu, Mungu anisamehe.

Niliufanyia kazi majuma matatu. Uso wake niliugusa kwa kinoo laini na mafuta, kidole kwa kidole, nikiogopa kuuharibu ule mstari mweupe. Uzi wa mpini ulikuwa umeoza, nikausuka upya kwa hariri niliyopata kwa Mhindi wa vitambaa. Kisha nikafika kwenye msuka. Chini ya kutu nikaona mikwaruzo imepangwa juu na chini, kama mahali kuku alipoparura. Nikacheka. Kwetu sisi fundi akiwa na jina huliandika usoni pa upanga, kwa mwandiko mzuri, na akiweza hulitia dhahabu. Anayeficha kitu mpinini anaficha kosa lake. Nikasema huyu mhunzi mkono ulimtoka, ngoja nimsitiri. Nikachukua tupa, nikachukua msasa, nikasugua mpaka msuka ukawa laini na mweupe kama kijiko cha harusi. Jioni ile nilikula kwa raha.

Baada ya siku tatu kijana akaja mbio, kofia mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona anatabasamu kabla ya hapo.

"Fundi, Padre amejibiwa! Wanasema jina limo ndani ya mpini, kwenye chuma. La mhunzi, na pengine la mwenyewe. Tuzinakili herufi tu, wao watautafuta ukoo. Maana bila jina tutampelekea nani? Japani ni nchi nzima."

Lahaula! Upanga ulikuwa nyuma yangu, umefunikwa kitambaa, tayari. Nami, mtu mzima mwenye ndevu, nikasema, "Sijaufungua bado. Rudi Jumatatu."

Siku zile nne nisingemwombea hata adui yangu. Nilimulika msuka juani, nikaupaka limau, nikaupaka majivu, nikaugeuza hivi na hivi. Hapakuwa na kitu. Nilijaribu kuikumbuka ile mikwaruzo na kuichora kwenye karatasi, nikapata miguu ya kuku kweli. Jumapili nikafanya jambo ninaloona haya kulisema. Nilichukua patasi ndogo ya kuchorea, nikaiweka juu ya msuka. Nikasema nikichora alama zozote tu, nani wa Bukene atajua? Padre atazinakili, atapeleka, na kule watasoma watakachosoma. Kisha nikamfikiria mama fulani anakabidhiwa upanga usio wa mwanawe, anaupokea kwa mikono miwili. Nikaitupa patasi chini, nikamfokea paka.

Jumatatu nilimwambia kweli. Sikumzungusha. Alisimama mlangoni akipindapinda kofia yake. Nilimwambia anitukane, anipige, achukue panga zangu zote. Hata sauti hakuinua.

"Mimi siwezi kumpelekea mama habari hii," alisema. "Njoo umwambie wewe."

Tukapanda treni ya Mwanza, upanga magotini mwangu ndani ya blanketi. Njia nzima hatukusema ila habari za mvua na pamba. Tuliposhuka Bukene tulitembea karibu saa moja, naye akinitangulia, na kadiri tulivyokaribia ndivyo nilivyotamani njia irefuke.

Mama alikuwa uani anapepeta mtama. Mwembamba, mrefu, kitambaa cheusi kichwani. Nilimwamkia kwa Kinyamwezi changu cha sokoni, "Mwangaluka, mayu," akaitikia vizuri, akanikalisha kwenye kigoda. Hakuuliza kilichonileta. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na kuku jike mnene, akaniwekea mikononi pamoja na kisu. Alijua mimi ni Mwislamu na nisingekula alichochinja yeye, kwa hiyo nichinje mwenyewe. Kisu chenyewe kilikuwa butu na kina kutu mpaka kwenye ncha. Sikuthubutu hata kukitazama.

"Mama," nikasema, "siwezi kula kwako kabla hujanisikia."

Nikamweleza nikiwa nimemshika kuku. Kiswahili alicho­sikia alikuwa anakielewa, na palipomtatiza mwanawe alimfafanulia. Nilisema kila kitu: mikwaruzo, tupa, uongo wa siku nne, hata patasi. Yule kuku akipiga mabawa, nami nambana, nazungumza huku machozi yananitoka kama mtoto. Sikujali.

Alipoelewa, alikaa chini, miguu ameinyoosha.

"Umelifuta jina la mtoto wa mwenzangu?"

"Nimelifuta, mama."

"Ulilichukia?"

"Hapana. Nilidhani ni uchafu."

Aliutazama upanga juu ya blanketi. Akamuuliza mwanawe, kwa Kinyamwezi, kama yule Mjapani alipozikwa alifunikwa vizuri. Kijana akasema alimfunika, na juu akaweka mawe, wanyama wasimfukue. Akamuuliza kama alikuwa kijana. Akasema ndiyo, alikuwa kijana. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anamtazama mwanawe usoni, na mwanawe akainamisha kichwa.

"Wangu naye yuko huko," mama akasema, akinigeukia mimi. "Sijui nani alimfunika. Mimi huomba awe ameokotwa na mtu mwenye mama." Akainuka kwa kushika goti. "Huyu hana tena pa kwenda. Basi aingie."

Akauchukua upanga kwa mikono miwili, akainama mlangoni, akaingia nao ndani. Sisi wanaume wawili tulibaki uani tukitazamana. Kutoka ndani tukasikia sauti yake, "Fundi, kuku huyo unamwua kwa kumbana. Mchinje!"

Nilimchinja kwa kile kisu butu, baada ya kukinoa juu ya jiwe. Tulikula, na mama akamkatia mwanawe paja kwa mkono wake mwenyewe.

Niliahidi kurudi kila mwaka kabla ya mvua kuupaka upanga mafuta, na mwaka uliofuata nikaenda. Nikaukuta umetundikwa ukutani, juu ya sanduku lenye nguo za yule mwanawe aliyepotea. Nikagonga kijiti cha mwanzi, nikaufungua. Uso ulikuwa safi. Lakini msuka ulikuwa umeanza kushika kutu tena, changa, nyekundu. Mkono wangu, kwa mazoea ya maisha, ukaenda mfukoni kutafuta msasa.

"Iache," mama akasema nyuma yangu.

Nikaiacha. Akasogea, akapitisha kidole juu ya kile chuma polepole, kana kwamba anatafuta kitu.

"Jina halirudi?"

"Halirudi, mama."

"Ile patasi yako unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye mfuko wa vyombo. Nikadhani anataka kunikumbusha aibu yangu, nikaitoa huku nimeinamisha macho.

"Basi mwandikie huyu la mwanangu asiyerudi," akasema. "Yeye halitumii. Liandike humo ndani, kama walivyoandika wao."

Akanitajia jina. Lilikuwa fupi, herufi tano tu, na nilikawia nalo kuliko kazi yoyote niliyopata kuifanya, maana patasi ilikuwa inateleza kwa jasho la mkono. Kijana alinishikia msuka usitikisike. Nilipomaliza nikapuliza vumbi, nikampa mama ashike. Hakujua kusoma, lakini alizigusa zote tano, moja moja. Kisha nikaurudisha msuka mpinini, nikagonga kijiti cha mwanzi mahali pake, naye akautundika.