Shujaa wa Kinyago Cheusi

Kila mji ninaopita, nikisikia harufu ya petroli ya jenereta narudi kwenye kile kibanda cha video cha Kasulu, chenye kuta za maturubai na mabenchi yanayonata utomvu.

Mchana ule katekista alisimama mlangoni kututoa watoto. Filamu ilikuwa ya shujaa mwenye kinyago cheusi anayewawinda majambazi gizani.

"Hii haiwafai. Wataota vibaya," alisema.

Mama alikuwa akitoka shambani. Nikamkimbilia, nikamvuta kitenge. Aliingia, akasimama nyuma akaitazama kwanza yeye mwenyewe, jembe begani, mpaka shujaa alipomtoa mtoto kwenye nyumba inayoungua.

"Katekista," alisema, "kabla hatujavuka mpaka pale Mabamba, hawa waliona nyumba yetu ikiungua. Hakuna aliyeniuliza kama inawafaa. Hapa angalau kuna mtu anarudi kumchukua mtoto."

"Lakini mama, inatisha," katekista alisema.

"Basi kaa nao."

Katekista akakaa kando yangu, benchi la mbele. Jambazi alipochomoa kisu, alifumba macho. Mimi sikufumba.