Akonti Hairudi

Ng'ombe yule alikuwa wa mama ya papa yangu, kule Mumosho, na mimi nilimupenda kuliko watu fulani wa ukoo wetu. Akauzwa kwa ajili yangu. Nasema hivyo mapema ili mujue kwamba sikuzaliwa na hasira. Niliipata, na mahali nilipoipata napajua.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya Zaïre. Walimu wa Serikali walikuwa wamechoka kufundisha kwa mushahara ambao hata ukifika haununui sukari ya wiki. Wakaweka chaki chini. Wengine walirudi kulima, wengine wakaenda Kamituga kutafuta dhahabu, na sisi watoto wao tukabaki tukizunguka mutaani kama kuku. Mimi nilikuwa nimemaliza ya sita ya primeri, na akili nilikuwa nazo, sina haja ya kujifichaficha. Papa alijua. Alikuwa daktilo katika ofisi ya kampuni moja ya majani ya chai: siku nzima anapiga mashini barua za watu wengine. Jioni aliniletea karatasi zilizoharibika ili niandike upande wa nyuma. Wageni wakija alinionyesha kwa kidole: "Huyu munaona? Huyu atakuwa na daktilo wake."

Ndipo shule za watu binafsi zikaota Bukavu kama uyoga. Nyingine zilikuwa shule kweli. Nyingine zilikuwa bango na mulango tu: unalipa, siku ya kufungua unakuta chumba kitupu, mwalimu hayupo, na mwenyewe amesafiri. Zote, za kweli na za uongo, zilidai akonti, pesa ya mbele ya kushika nafasi ya mutoto. Bila akonti haupokelewi, hata ukiwa na akili ya askofu.

Mama alitaka shule ya juu, Kadutu, karibu na parokia. Yeye aliuza unga wa muhogo soko la Kadutu, angeweza kuniona nikiingia na nikitoka. Papa alitaka shule ya chini, Muhumba, karibu na ziwa, kwa sababu walisema hesabu itafundishwa na watu waliotoka université.

"Kule juu ni fimbo na rozari tu," papa alisema.

"Na kule chini ni nini?" mama akamujibu. "Upepo wa ziwa? Mutoto atakula upepo?"

Mama ya papa alikuwa amekuja kutoka Mumosho kuleta pesa ya ng'ombe wake, ameifunga ndani ya kitambaa kiunoni. Alisikiliza mabishano yao, akanywa chai yake, akasema tu, "Njia mbili zilimushinda fisi." Hakuna aliyemusikiliza. Na pesa yenyewe haikuruhusu kusikilizana. Franga za Zaïre wakati ule haukuzilaza ndani ya nyumba; ukizilaza, asubuhi unazikuta zimekonda.

Papa akapata wazo, na wazo hilo ndilo lililonimaliza. Kwetu Bashi, mwanaume akipeleka ng'ombe kwa wazazi wa musichana na ndoa ikashindikana, ng'ombe anarudi. Wazee wanakaa, wanakunywa, wanazungumza, na kama amezaa, hata ndama anazungumziwa. Papa alikuwa amekaa kwenye mabaraza mengi ya namna hiyo, na hakuwahi kuona mutu akila ng'ombe ya mutu bure.

"Tutaweka akonti pande zote mbili," alisema, sura inamung'aa. "Tutaangalia walimu gani wanakuja kweli. Shule tutakayoiacha itaturudishia chetu, na sisi tutamalizia kwa ile tunayoitaka. Si ndivyo inavyofanywa?"

Mama akakubali, kwa sababu hata yeye aliolewa kwa sheria hiyo. Munaweza kuuliza, kwa nini hawakuuliza shule kwanza? Ningewaona na nyinyi! Unaenda kuposa, na hapo hapo unauliza namna ya kuachana? Ni aibu. Papa alilipa Kadutu asubuhi, akalipa Muhumba muchana, akarudi akiimba. Muhumba walimupa na sketi yangu ya inifomu: ya bleu kama za shule zote, lakini pembeni chini ilikuwa na mistari miwili myeupe, na shule nyingine yoyote ya mji haikuwa na mistari hiyo. Niliivaa nyumbani mpaka mama akanivua kwa nguvu.

Siku ya kufungua ilipofika, Kadutu walimu walikuja wote, na benchi zilikuwapo. Muhumba walitwambia tungoje, mafundi wako juu ya paa. Papa, ambaye hakupenda kushindwa na mama, alikubali kwamba mama ameshinda. Kadutu walimupa mpaka Jumamosi amalizie pesa iliyobaki. Kazi ikawa moja tu: kwenda Muhumba kuchukua chetu.

Tulienda kama watu wanavyokwenda kwenye mambo kama hayo. Papa alivaa koti la kwenda misa. Tonton, mudogo wake, ambaye ndiye aliyesemea ukoo kwenye ndoa zote, alibeba bido, dumu la plastiki lenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iliyotoka Mumosho, nzuri sana. Na mimi nilipelekwa kwa sababu, papa alisema, posa inapovunjika musichana anaulizwa mbele ya watu, aseme mwenyewe. Njiani kote nilikuwa nikirudia moyoni maneno yangu: "Ninawashukuru, lakini nimepata nyumba ingine."

Prefe, mukubwa wa shule ile, alikuwa kijana bado, mwenye kravati pana shingoni, kama wote walioacha juzi juzi abakosti, lile koti la Serikali lisilovaliwa na kravati. Alitupa viti. Tonton akasimama, akakohoa, akaweka bido mbele yake.

"Mukubwa," alisema, "tulikuja kwako na heshima, na tunarudi na heshima. Mutoto wetu amepata nyumba ingine. Hatukuchukii, na wewe usituchukie. Tunaomba tu kile tulichokiacha kwako."

"Nyumba gani?" prefe aliuliza.

Papa akamueleza pole pole, kwa Kifaransa chake cha ofisi. Prefe alimutazama, akatazama bido, akanitazama mimi katika sketi yake ya mistari miwili, kisha akacheka. Alicheka mpaka akawaita wenzake wawili wa chumba cha pili waje wasikie.

"Papa, akonti hairudi. Haijarudi hata siku moja duniani. Nilishanunua nayo manjanja." Akaonyesha juu, kwenye mabati mapya yaliyokuwa yaking'aa, mafundi bado wanapigilia misumari. "Panda, uchukue yako."

"Lakini mutoto hajasoma hapa hata siku moja," papa alisema.

"Nafasi yake niliichunga. Kuchunga si kazi? Kama munataka, aje asome. Kilichobaki mutaleta. Kama hamutaki, basi."

Maneno yangu niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi yalikufa mudomoni. Tonton, ambaye damu yake inachemka haraka, aliinama kuchukua bido ili tutoke. Papa akamushika mukono. "Acha," alisema. "Zawadi hairudi." Wale watatu wakacheka tena, na tuliposhuka ngazi nilisikia vikombe. Nawachukia mpaka leo. Si kwa ajili ya pesa. Pesa ile ingekufa yenyewe. Nawachukia kwa kuwa walikunywa kasiksi yetu.

Papa alizunguka mji mzima kutafuta mukopo. Kampuni yake ilikuwa haijawalipa, na wenzake wote walikuwa na watoto wa umri wangu na shida hiyo hiyo. Jumamosi ikapita. Jumatatu tukaenda Kadutu, tukakuta nafasi yangu amepewa mwingine, na padiri aliyesimamia shule alitupokea vizuri, akatuombea, akatwambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba akonti hairudi. Mama alikuwa amesimama mulangoni na unga bado uko kwenye nyusi zake. Hakusema "nilisema". Ingekuwa afadhali angesema.

"Basi," papa alisema nyumbani. "Atasoma Muhumba. Atakula akonti yetu mpaka iishe, na kabla haijaisha Mungu atafungua mulango mwingine."

Muhumba wakafungua mwishowe, na huko ndiko nilikoumia zaidi, kwa sababu papa hakuwa amekosea. Shule ilikuwa nzuri! Mwalimu wa hesabu alikuwa kweli mutu wa université, mwembamba, viatu vimetoboka, lakini akiandika ubaoni unaona kila kitu kinakaa mahali pake. Alitufundisha kuweka herufi mahali pa hesabu isiyojulikana, kisha kuitafuta mpaka ijitoe. Mimi nilikuwa namaliza kabla ya wavulana. Aliniita "maman professeur", darasa linacheka, mimi nanenepa kwa furaha. Nilisoma kama mutu anayekula huku akijua sahani itaondolewa. Hata vitabu vya madarasa ya mbele niliviomba, nikavinakili nyuma ya karatasi za papa.

Kila jioni papa aliniuliza tumesoma nini, na hakuniuliza jambo lingine. Mwisho wa mwezi kampuni ikawalipa kwa majani ya chai. Mama aliyauza pamoja na unga, lakini chai ilikuwa mji mzima, na hakuna aliyeitaka.

Asubuhi walipotufukuza tulikuwa katikati ya zoezi. Prefe aliingia bila kubisha, akasoma majina ya wasiomaliza kulipa. Langu lilikuwamo. Mwalimu wa hesabu alisema, "Huyu umuache amalizie kwanza, amebakiza mustari mumoja," na prefe akamwambia kwamba mustari huo nao una bei yake. Nilikusanya karatasi zangu. Sikulia ndani ya darasa, nililia barabarani, na nililia kwa sauti, kama mutu aliyefiwa. Wamama waliokuwa wakipanda na mizigo yao waliniuliza, "Ni nani amekufa, mutoto?"

Papa alikuwa nyumbani. Siku hizo alikuwa nyumbani mara nyingi. Aliniona mulangoni na muchana haujafika. "Wamekufukuza," alisema, akatoka, akakaa nyuma ya nyumba karibu na migomba, na hakuingia kula. Mama alisema tusimufuate.

"Na kesho, maman?" nilimuuliza.

"Kesho utanisaidia sokoni."

Kesho yake nikaenda. Mama alikuwa ameifua sketi yangu na kuipiga pasi, ameikunja vizuri, akaiweka kwenye karai juu ya unga ili watu waione. Nyumbani kulikuwa na wadogo zangu wanne, na tulikuwa tunakula hiyo chai bila sukari.

Akaja mama mumoja, mutu wa Nguba, mutaa wa wenye pesa, ukitazama mavazi yake, ameshika binti yake mukono. Binti alikuwa kimo changu. Aliona ile mistari miwili myeupe, akapiga makofi.

"Yooo, Mungu iko! Nimeitafuta hii tangu asubuhi, kule shuleni zimeisha. Mutoto wangu alikosa nafasi kule Muhumba, nikalia mpaka nikachoka. Jana muchana wananiambia, maman, leta akonti mbio, kumetoka nafasi moja."

Akaipima kiunoni mwa binti yake. Ilimukaa. Binti akazunguka mara moja ili tuione vizuri, akacheka.

"Si imechakaa?" yule mama aliuliza.

"Hapana, maman," mama yangu alisema, akipokea franga. "Iko mupya. Haikuvaliwa sana."